Zimwi Halishtakiwi: Wazimba wa Makupa na Suala la Jinai katika Masimulizi ya 1589

Utangulizi

Katika hekaya za Waswahili zimwi huua, humeza watoto, huteka mabinti na huacha vijiji vikiwa magofu, lakini ni nadra mno msimulizi kulifikisha mbele ya kadhi. Zimwi huwindwa, hulaghaiwa, hukatwa kidole au hupasuliwa tumbo ili waliomezwa watoke wakiwa hai; halisomewi mashtaka wala haliulizwi lina shahidi gani. Kutokuwapo kwa kesi katika hekaya hizi si kasoro ya fani. Ni dalili ya mpaka ambao fasihi simulizi imeuweka kati ya madhara na jinai. Simba akimla mchungaji, wenyeji huchukua mikuki. Hawamwiti simba mkosaji. Mkosaji ni yule anayetambuliwa kuwa angeweza kutenda vinginevyo.

Mpaka huo huvurugika pale sura ya zimwi inapohamishwa kutoka kwenye hekaya na kuvikwa watu halisi walioandikwa katika tarikhi. Makala haya yanachunguza mfano mmoja wa uhamisho huo: Wazimba, ambao mwezi Machi 1589 walikuwa wamepiga kambi bara, upande wa Changamwe, mkabala na kisiwa cha Mombasa, kwenye kivuko cha Makupa. Swali linaloulizwa ni hili: miongoni mwa matendo wanayosingiziwa au kuhusishwa nayo Wazimba, ni yapi yanayoweza kuitwa jinai, kwa kipimo cha nani, na ni matendo gani ya watu wengine yanayofichika nyuma ya tumbo la zimwi? Hoja inayotetewa ni kwamba masimulizi ya Kireno yalimfanya Mzimba kuwa mhusika mwovu kupita kiasi, hata uovu wake ukatosha kuwatakasa wote waliosimama kando yake.

Msimulizi na masimulizi yake

Chanzo kinachotegemewa zaidi ni kitabu cha João dos Santos, mtawa wa shirika la Wadominiko, kiitwacho Ethiopia Oriental, kilichochapishwa Évora mwaka 1609. Dos Santos alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1586 na kuishi miaka mingi pande za Sofala na bonde la Zambezi. Jambo hili lina uzito katika uhakiki, kwa sababu mwandishi hakuwapo Mombasa siku Makupa ilipovukwa. Alichoandika juu ya Mombasa ni habari iliyopita katika vinywa vya mabaharia na askari, kisha ikapangwa na mtu ambaye tayari alikuwa na picha yake ya Wazimba kutokana na vita vya Zambezi.

Kwa mujibu wake, mkuu mmoja wa Wazimba aliondoka kusini akiwa na wapiganaji zaidi ya 15,000, akapanda na pwani akiua na kula kila chenye uhai. Mwaka 1587 walifika Kilwa. Kilwa ni kisiwa, na Wazimba walizuiwa na maji mpaka mwenyeji mmoja alipowaendea kwa siri akawaonyesha mahali pa kuvukia maji yakipwa, kwa sharti kwamba yeye na jamaa zake wasiguswe. Usiku ule watu 3,000 waliuawa au kutekwa ili waliwe. Mkuu wa Wazimba kisha akamwita yule mwenyeji pamoja na jamaa zake, akaamuru wafungwe na kutoswa baharini, kwa hoja kwamba aliyewauza watu wake hastahili kuishi, wala nyama yake haifai kuliwa na Wazimba.

Kutoka Kilwa walipanda hadi bara ya Mombasa. Kisiwani alikuwamo Ali Bey, amiri wa Kituruki, ambaye alizuru pwani hii kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1585 na 1586 na miji kadhaa ikampokea kwa matumaini ya kuondokana na Wareno. Aliporudi alijiimarisha Mombasa, akaweka merikebu mbili kwenye mkondo wa Makupa ili kuwazuia Wazimba. Mapema Machi 1589 ikawasili kutoka Goa armada ya Kireno ikiongozwa na Tomé de Sousa Coutinho, ndugu wa gavana wa Uhindi ya Kireno. Wareno waliziteka merikebu za Waturuki, pamoja na zile zilizolinda kivuko. Ndipo mkuu wa Wazimba alipotuma ujumbe wa kirafiki kwa Wareno: wao wamekwisha kupata ushindi wao, naye sasa anaomba ruhusa ya kuingia kisiwani na kumaliza kazi yake. Ruhusa ilitolewa. Wazimba walivuka; watu wa mji wakakimbilia baharini; wengine walikufa maji, wengine wakachukuliwa mateka katika vyombo vya Kireno, akiwamo Ali Bey mwenyewe, aliyepelekwa Lisbon.

Baada ya hapo Wazimba walielekea Malindi, mji uliokuwa rafiki wa Wareno. Huko walipigwa na jeshi la mji, Wareno wachache, na Wasegeju 3,000 waliokuja kusaidia. Masimulizi yanawaonyesha wakisambaratika na kutoweka.

Mhakiki wa fasihi hawezi kupita hapa bila kutambua mkono wa fani. Idadi ya walioangamia Kilwa ni 3,000, na idadi ya waokozi wa Malindi ni 3,000 vilevile. Zimwi linatoka mbali, linakua kadiri linavyomeza, linafika kilele, kisha linapasuliwa na watu wanyofu. Huu ni muundo ambao msikilizaji wa hekaya angeutambua hata kabla msimulizi hajamaliza. Kutambua muundo si kusema kwamba tukio halikutokea. Mji wa Mombasa uliangamizwa mwaka 1589; hilo halina ubishi. Kinachobishaniwa ni jinsi lawama ilivyogawanywa.

Ulaji watu kama shtaka

Shtaka la kwanza, na lenye kishindo kuliko yote, ni ulaji watu. Katika karne ya 16 neno hilo halikuwa tusi tu. Lilikuwa na nguvu ya kisheria. Mwaka 1503 Malkia Isabella wa Kastilia aliruhusu kukamatwa na kuuzwa utumwani kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi walioitwa wala watu. Katika miaka ya 1530 Francisco de Vitoria, aliyefundisha Salamanca, alikubali kwamba mfalme wa Kikristo anaweza kupigana ili kuwaokoa wasio na hatia wasichinjwe na kuliwa, ingawa alizipinga hoja nyingine nyingi za ushindi wa Wahispania. Tangu 1580 Ureno ilikuwa chini ya mfalme mmoja na Uhispania. Kumwita mtu mla watu, kwa hiyo, kulikuwa kumtoa katika ulinzi wa sheria na wakati huohuo kumtia hatiani mbele yake.

Hapa ndipo mgongano wa kimantiki unapojitokeza. Ikiwa Mzimba ni zimwi, yaani kiumbe kilichoumbwa na njaa, basi kula kwake ni madhara na si jinai. Dawa yake ni mkuki. Ikiwa ni mtu mwenye akili na hiari, basi anaweza kushtakiwa, lakini sharti apimwe kwa mizani ileile wanayopimiwa wenzake. Dos Santos anataka yote mawili. Anamnyima Mzimba utu pale anapoeleza njaa yake, na kumrudishia utu pale anapotaka kumlaani.

Si kila Mzungu wa zama hizo aliyeridhika na mizani ya namna hiyo. Mwaka 1580 Michel de Montaigne, katika insha yake juu ya wala watu wa Brazili, alidai kwamba ni unyama mkubwa zaidi kumtesa mtu aliye hai kwa jina la dini kuliko kuila maiti yake. Montaigne hakuwatetea wala watu. Alikataa tu kwamba jambo linalotisha macho ni lazima liwe kosa kubwa kuliko yale yaliyozoeleka.

Kipimo hicho kikiletwa pwani, tukio la Faza linajitokeza mara moja. Mwaka 1587, mwaka uleule wa maangamizi ya Kilwa, armada ya Martim Afonso de Melo ilitumwa kuiadhibu miji iliyompokea Ali Bey. Faza iliangamizwa, walioonekana waliuawa, minazi ikakatwa kwa maelfu, na kichwa cha mtawala wa mji kikatiwa chumvi ndani ya pipa na kupelekwa Goa. Kisha Mombasa ikachomwa moto, kama ilivyochomwa na Francisco de Almeida mwaka 1505 na na Nuno da Cunha mwaka 1529. Hakuna mwandishi wa Kireno aliyeyaita matendo hayo jinai, yaliitwa adhabu. Kichwa kilichotiwa chumvi hakikukusudiwa kuliwa, na tofauti hiyo moja ilitosha kukiweka upande wa sheria. Minazi nayo inastahili kuangaliwa, kwa kuwa kukata minazi ya mji ni kuwanyima chakula hata wale ambao hawajazaliwa. Ni namna ya kuula mji polepole.

Kivuko cha Kilwa na kivuko cha Makupa

Shtaka la pili ni usaliti, na ndilo kiini cha makala haya. Masimulizi ya dos Santos yana vivuko viwili. Katika kila kimoja Wazimba wamesimama bara, maji yanawazuia, na kuna mtu mwenye uwezo wa kuwafungulia njia. Kilwa, mfunguaji ni mwenyeji, na msimulizi anafurahia adhabu yake. Makupa, mfunguaji ni kapteni wa Kireno, na msimulizi hasemi neno.

Zaidi ya hayo, anayetoa hukumu Kilwa ni mkuu wa Wazimba mwenyewe. Katika tukio hilo moja zimwi linageuka kadhi. Lina dhana ya jinai. Linatofautisha adui aliyeshindwa vitani na mtu aliyewauza watu wake. Na hukumu yake ni kwamba msaliti ni mchafu hata haliwi. Ni wazi kwamba dos Santos alikusudia kisa hiki kiwe mfano wa malipo ya Mungu yanayopitia mkono wa mshenzi. Lakini mfano ukishatolewa hauwezi tena kufungwa. Kwa sheria ya mhusika mwovu, aliyeufungua mlango wa Kilwa alistahili kutoswa. Aliyeufungua mlango wa Makupa je?

Utetezi wa kapteni unaweza kukisiwa. Kwanza, mji wa Mombasa ulikuwa adui vitani. Pili, hakuua yeye. Tatu, hakuwa na mkataba na watu wa Mombasa, na kwa hiyo hakuwasaliti. Hoja ya tatu ina nguvu: msaliti wa Kilwa aliwauza watu wake, ilhali kapteni aliwauza watu wa wengine. Hoja ya kwanza na ya pili hazisimami pamoja. Mji uliokuwa umekwisha kushindwa haukuwa tena hatari kwa armada, na merikebu zilizolinda kivuko zilikuwa tayari mikononi mwa Wareno. Aliyeshika kivuko alishika pia maisha ya waliokuwa nyuma yake. Kuomba ruhusa kwenyewe ni ushahidi: Wazimba walimtambua Mreno kuwa mwenye mlango. Kutoa ruhusa hakuwezi kuhesabiwa kuwa ni kutotenda.

Methali ya Waswahili yasema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa kawaida methali hii hufasiriwa kama faraja ya kuwa na adui wa karibu. Katika muktadha wa 1589 inaweza kusomwa kwa ukali zaidi. Mombasa ilikwisha kuwajua Wareno, waliouchoma mji mara tatu na kila mara ukajengwa upya. Safari hii zimwi linalojua mji lilimwachia kazi zimwi lisiloujua.

Watu wa bara katika masimulizi

Jambo jingine linalodhihirika katika matini haya ni jinsi bara inavyochorwa. Katika masimulizi ya Makupa, ng'ambo ya maji hakuna mtu ila Mzimba. Ilhali Duarte Barbosa, aliyeandika katika miongo ya mwanzo ya karne hiyo, alikwisha kueleza kwamba watu wa Mombasa mara nyingi walikuwa na ugomvi na watu wa bara, na bado walifanya nao biashara ya asali, nta na pembe za ndovu. Taifa la Wachangamwe, mojawapo ya Thelatha Taifa za Mombasa pamoja na Wakilindini na Watangana, lina jina la bara hiyohiyo. Bara, kwa hiyo, ilikuwa na majirani, wateja, mahasimu na jamaa. Dos Santos aliifanya kuwa tupu ili zimwi lipate mahali pa kusimama.

Wasegeju wanatoa kipimo cha upande wa pili. Dos Santos anawaeleza pia kwa namna ya kutisha: vijana wao, anasema, walivaa udongo kichwani na hawakuruhusiwa kuuvua mpaka wawe wameua adui. Sifa hizi zingeweza kuwatia katika kundi la mazimwi. Hazikuwatia, kwa kuwa Wasegeju walipigana upande wa Malindi. Muda mfupi baadaye waliiteka Mombasa na kumkabidhi mfalme wa Malindi, na Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Ukali wa rafiki ukaitwa ushujaa. Inaonekana basi kwamba katika matini haya jinai haipimwi kwa tendo, bali kwa upande aliosimama mtendaji.

Maoni ya wanahistoria

Wanahistoria walilikabili suala hili kwa njia mbalimbali. Justus Strandes, aliyeandika kwa Kijerumani mwaka 1899, aliyapokea masimulizi ya Kireno karibu yote, ingawa hakuficha ukatili wa Wareno wenyewe. Edward Alpers (1975) aliwatoa Wazimba katika hekaya na kuwarudisha katika uchumi wa pembe za ndovu, akihusisha mwendo wao na mkazo ambao Wareno waliutia kwenye biashara ya watawala wa Maravi, hususan Lundu. Matthew Schoffeleers (1987) alijadili upya uhusiano huo wa Wazimba na dola ya Lundu. Tofauti zao ni nyingi, lakini wote wanakubaliana katika jambo moja la msingi: Wazimba walikuwa na sababu. Na mwenye sababu si zimwi.

Mjadala unaofanana na huu uliwahi kuzuka kuhusu Wajaga waliovamia Kongo mwaka 1568. Joseph Miller (1973) alidai kwamba Wajaga wa masimulizi ya Kireno walikuwa uzushi uliofaa maslahi ya waliouandika. John Thornton (1978) akamjibu kwamba watu hao walikuwapo kweli. Mwaka 1979 William Arens alikwenda mbali zaidi, akatilia shaka ushahidi wote wa ulaji watu kama desturi popote duniani. Wengi walimwona amepita kiasi. Hata hivyo kitabu chake kina kisa kinachofaa kukumbukwa: alipokuwa akifanya utafiti Mto wa Mbu, Tanzania, baadhi ya wenyeji walimdhania yeye kuwa mnyonya damu.

Kisa hicho kina mwenzake Mombasa. Mwaka 1947 umati wa watu ulikishambulia kituo cha zimamoto cha mji kwa kuamini kwamba waliokuwamo walikuwa wakikamata watu na kuwatoa damu. Luise White (2000) amechunguza kwa kina masimulizi ya aina hii, yaliyojulikana pwani kwa jina la mumiani. Kwa mtazamo wake, uvumi wa mumiani si ujinga wa kupuuzwa. Ni lugha ambayo watu waliitumia kueleza utawala uliowachukulia nguvu zao bila kuwaeleza kwa nini. Safari hii mla watu alikuwa amevaa sare ya serikali. Hukumu inayofaa kwa masimulizi ya mumiani inafaa pia kwa masimulizi ya Wazimba: yote mawili hayaaminiki kama orodha ya makosa, na yote mawili ni ushahidi mzuri wa hofu ya wasimulizi.

Hatari ya kuwatetea Wazimba

Kuna pingamizi lisiloweza kuepukwa. Je, kumvua Mzimba ngozi ya zimwi si kumsamehe? Watu waliokufa Kilwa na Mombasa hawakufa kwa jazanda. Uhakiki ukimaliza kazi yake yote kwa kuonyesha upendeleo wa dos Santos, utakuwa umewasahau waliokimbilia baharini kama yeye alivyowasahau.

Jibu ni kwamba kinyume chake ndicho kweli. Ni pale tu Mzimba anaporudishiwa utu ndipo mauaji ya watu wasio na silaha yanapoweza kuitwa jinai yake. Ulaji watu uondolewe kwenye hati ya mashtaka kwa kukosa shahidi aliyeona; mauaji ya Kilwa na ya Mombasa yabaki. Kumtosa msaliti na jamaa zake pia kubaki, kwa kuwa jamaa hawakusaliti mtu. Na kando ya Wazimba, katika hati hiyohiyo, liandikwe jina la aliyetoa ruhusa Makupa, pamoja na wale wa Faza. Hati ya namna hiyo haimpunguzii Mzimba lawama hata chembe. Inamnyima tu kazi aliyopewa na dos Santos, ya kuibeba lawama peke yake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba masimulizi ya 1589 yanatumia fani ya zimwi kutatua tatizo la kimaadili ambalo mwandishi wake hakutaka kulikabili. Ulaji watu umekuzwa hadi ukafunika mauaji. Mauaji yamekuzwa hadi yakafunika ruhusa. Lakini matini yenyewe, kupitia kisa cha msaliti wa Kilwa, yamehifadhi kipimo kinachoweza kumhukumu kapteni wa Makupa, na kipimo hicho kimewekwa kinywani mwa mhusika mwovu.

Wanafunzi wa fasihi wanaosoma matini ya zama za Wareno wana wajibu wa kuuliza si tu nani alikula nani, bali pia nani alikuwa ameshika kivuko. Anayetoka kisiwani leo kwenda Changamwe hupita Makupa kwa dakika chache, na hapana chochote njiani kinachomkumbusha kwamba hapo iliombwa ruhusa, na ikatolewa.